Mchango kwa kituo cha watoto na nafuu ya kodi: Sheria inavyosema, na Rhonda inavyoachwa nje

KILA alfajiri katika mtaa wa Rhonda, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, kina mama hupita vichochoroni wakiwa na watoto mgongoni na mifuko ya nguo na uji mkononi. Baadhi yao huelekea Soko la Wakulima, wengine viwandani, kwenye mijengo, au katika nyumba za watu wanakofua nguo kwa malipo ya siku. Mtoto huachwa njiani, katika chumba kimoja cha mabati au cha mawe, kwa mama jirani ambaye amefanya ulezi kuwa kazi yake. Wakazi huviita vyumba hivyo deikea.

Vyumba hivyo ndivyo msingi wa makala haya. Mara kwa mara wasomaji huuliza iwapo mtu au kampuni inayotoa pesa kusaidia malezi ya watoto wa umri mdogo hupata nafuu yoyote ya kodi nchini Kenya. Jibu fupi ni kwamba nafuu ipo kisheria, na imekuwapo tangu 2007. Jibu refu linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa sheria imeweka masharti kwa anayetoa na kwa anayepokea, na katika mtaa kama Rhonda ni nadra kuwapata watu wawili wanaotimiza masharti hayo kwa pamoja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Kuna nafuu inayopunguza mapato yanayotozwa kodi, na kuna nafuu inayopunguza kodi yenyewe. Hii ya pili imewahi kutusumbua katika dawati la uhariri, maana wapo wanaoitafsiri kuwa “mkopo wa kodi” ilhali hakuna anayekopa wala anayekopeshwa. Tuiite punguzo la kodi. Ile ya kwanza ni punguzo la mapato.

Tofauti baina ya mbili hizo huonekana kwenye hesabu. Tuseme kampuni imetoa Sh60,000 kwa kituo cha watoto. Chini ya punguzo la mapato, kiasi hicho huondolewa kwenye faida kabla kodi haijapigwa. Kwa kuwa kampuni za humu nchini hutozwa asilimia 30 ya faida, kodi yake hupungua kwa Sh18,000, na mchango huwa umeigharimu Sh42,000. Chini ya punguzo la kodi la nusu ya mchango, kodi hupungua kwa Sh30,000, hata kama anayelipa yumo katika daraja la chini kabisa la kodi, mradi kodi anayodaiwa inafikia kiasi hicho.

Kenya ilichagua njia ya kwanza. Katika jimbo la Colorado, Marekani, wametumia njia ya pili mahususi kwa malezi ya watoto: anayechangia vituo na miradi inayotimiza masharti hupunguziwa kodi ya jimbo kwa asilimia 50 ya mchango wake, kwa kikomo cha dola 100,000 kwa mwaka. Uingereza ina mpango mwingine tangu 1990, ambapo kila pauni moja inayotolewa na mlipa kodi wa kawaida humwezesha mpokeaji kudai peni 25 zaidi kutoka kwa serikali. Huko, kwa mlipa kodi wa kawaida, nafuu humwendea anayepokea badala ya anayetoa. Majirani zetu nao wameweka mipaka: Tanzania huruhusu mchango kwa mashirika ya hisani uondolewe kwenye mapato ya biashara usipozidi asilimia 2 ya mapato hayo, na Uganda imeweka asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi.

Sheria ya Kenya

Msingi ni Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, iliyoanza kutumika 1974. Kifungu cha 15, baada ya marekebisho ya Sheria ya Fedha ya 2006, kinaruhusu mchango wa pesa kwa shirika la hisani uondolewe katika hesabu ya mapato ya mtoaji. Kanuni za utekelezaji zilitolewa 2007. Mnamo Juni 2024 Hazina ya Kitaifa ilichapisha kanuni mpya zilizochukua nafasi ya hizo, zikiunganisha katika waraka mmoja masuala ya msamaha wa mashirika na ya michango.

Kifungu hicho kina milango miwili. Mlango wa kwanza ni shirika ambalo mapato yake yamesamehewa kodi chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la sheria hiyo. Wa pili ni mradi ulioidhinishwa na waziri wa fedha. Mlango wa pili hautajwi sana, na mtu wa kawaida hana sababu ya kuutegemea. Tubaki na wa kwanza.

Aya ya 10 inazungumzia taasisi, kundi la watu, au amana isiyoweza kubatilishwa, yenye sura ya umma, na iliyoanzishwa kwa madhumuni ya kuwaondolea watu umaskini au dhiki, au kuendeleza dini au elimu. Malezi ya watoto hayakutajwa kwa jina. Kituo cha watoto wa miaka minne na mitano kinaweza kuingia kwa urahisi kupitia neno “elimu”, kwani hao ni watoto wa PP1 na PP2. Kituo cha watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu hakina budi kujieleza zaidi: ama kionyeshe kwamba malezi hayo ni hatua ya kwanza ya elimu, au kwamba kinawaondolea wazazi maskini dhiki. Hoja zote mbili zinaweza kutetewa. Lakini zinahitaji mtu wa kuziandika, katika katiba ya shirika, kabla ya kuomba.

Maombi hupelekwa kwa Kamishna katika Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA), yakiandamana na cheti cha usajili, katiba au hati ya amana, maelezo ya shughuli, na hesabu zilizokaguliwa. Kamishna akiridhika hutoa cheti cha msamaha, ambacho sheria inasema kitolewe ndani ya siku 60 tangu maombi yaliyotimiza masharti yawasilishwe. Cheti hudumu miaka mitano na chaweza kufutwa kabla ya hapo kukiwa na sababu ya haki. Mchango unaopewa shirika ambalo cheti chake kimekwisha muda hauna nafuu, hata kama watoto walikula uji wake wote.

Usajili ni jambo tofauti na msamaha, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Tangu Mei 14, 2024 mashirika yaliyokuwa yakiitwa yasiyo ya kiserikali yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, ambayo ilipitishwa 2013 na kukaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika. Kuna pia vyama vinavyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, na vikundi vya kijamii vilivyo chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Kikundi cha kina mama kinaweza kuwa na cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani, akaunti ya benki, na kumbukumbu safi za mikutano, na bado mchango unaopewa kisiwe na nafuu yoyote kwa mtoaji, kwa sababu cheti kinachohesabika ni kile cha Kamishna.

Kwa upande wa mtoaji, kanuni za 2007 ziliweka misingi ambayo kila mhasibu aliizoea. Mchango uwe wa pesa. Usiwe wa kurudishwa kwa hali yoyote. Usimletee mtoaji faida, ya moja kwa moja au ya kando. Aidha, anayedai nafuu alitakiwa kuwa na risiti kutoka kwa mpokeaji, nakala ya cheti cha msamaha, na tamko la mpokeaji kwamba pesa hizo zitatumika kwa hisani pekee. Chini ya kanuni hizo gunia la unga, godoro au siku nzima ya fundi aliyejitolea kupaka rangi havikuingia kwenye hesabu. Katika mtaa ambako watu hutoa kwa mikono na vyombo zaidi ya kwa hundi, sharti hilo lilikuwa zito.

Nani Rhonda anaweza kunufaika?

Rhonda ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Nakuru Mjini Magharibi, pamoja na Kaptembwo, Barut, Kapkures, Shabaab na London (ile ya Nakuru, yenye jaa la Gioto). Ni mtaa wa wapangaji. Nyumba nyingi ni ploti za vyumba vilivyopangwa safu mbili zikitazamana, na mwenye ploti mara nyingi huwajua wapangaji wake kwa majina ya watoto wao. Kama kuna mtu aliye karibu na deikea na mwenye kipato cha kuisaidia, ni yeye, pamoja na wenye maduka ya jumla, wauza mbao na wenye matatu.

Sasa tumwangalie huyo mwenye ploti. Chukua mfano wa vyumba 20 vinavyokodishwa kwa Sh2,500 kila kimoja. Kwa mwaka anapata Sh600,000. Kodi ya nyumba za makazi, kwa wanaopata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, ni asilimia 7.5 ya kodi yote ya pango tangu Januari 2024; kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Mwenye ploti wetu analipa Sh45,000. Kodi hiyo hupigwa juu ya mapato ghafi, bila kuondoa gharama yoyote. Akitoa Sh60,000 kwa kituo cha watoto chenye cheti halali, kodi yake itabaki Sh45,000. Mchango wake umemgharimu Sh60,000 kamili, ilhali ule ule wa kampuni kubwa uliigharimu Sh42,000.

Mwenye duka naye hali yake si tofauti. Biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka iko chini ya kodi ya mauzo ghafi, iliyopanda kutoka asilimia 1 hadi 3 mwezi Julai 2023. Mauzo ya Sh3 milioni hutozwa Sh90,000, duka lipate faida au lipate hasara. Hakuna mahali pa kuondoa mchango. Ni kweli kwamba sheria inamruhusu mwenye ploti au mfanyabiashara kumwandikia Kamishna aondolewe katika mfumo huo na atozwe kwa njia ya kawaida. Lakini hiyo ina maana ya kuweka vitabu kamili vya hesabu mwaka mzima, na ni wachache watakaomlipa mhasibu kwa ajili ya kuokoa kodi ya mchango mmoja.

Wafanyakazi wa mshahara je? Sheria haikuyataja makampuni peke yake. Inamtaja mtu yeyote anayetoa. Hata hivyo, kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri kabla pesa hazijafika benki, na mwajiri hazingatii kile ambacho mfanyakazi wake alimtumia mlezi wa watoto kwa M-Pesa. Anayepata Sh24,000 kwa mwezi au chini ya hapo halipi kodi ya mapato kabisa, kwa kuwa asilimia 10 ya kiasi hicho ni Sh2,400, na hiyo ndiyo nafuu ya kila mwezi anayopewa kila mfanyakazi. Wazazi wengi wa Rhonda wako huko. Kwao punguzo la mapato ni maneno matupu.

Anayebaki ni kampuni yenye faida inayotozwa kwa njia ya kawaida. Nakuru inazo, ingawa si nyingi kama zamani. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa 2014 na nafasi zake za kazi zikapotea. Kampuni kama hiyo ina mhasibu, ina bajeti ya misaada, na ina mwanasheria wa kuuliza mpokeaji swali moja tu: mna cheti?

Deikea haina. Mwenyewe ni mama mmoja, chumba ni cha kukodi, na ada anayotoza ndiyo chakula cha watoto wake mwenyewe. Machoni pa sheria hiyo ni biashara yake binafsi, haina sura ya umma inayotajwa katika aya ya 10, na hata akiilea nusu ya watoto bila malipo kwa kuwa mama zao walikosa kibarua, haitakuwa shirika la hisani. Si kosa la sheria kukataa kusamehe biashara ya mtu. Tatizo ni kwamba malezi ya watoto wa maskini mijini yamekaa humo, katika biashara hizo ndogo.

Uzito wa jambo hili unaweza kupimwa. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti wakiwemo Shelley Clark wa Chuo Kikuu cha McGill na Caroline Kabiru wa kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, APHRC, waliwapa baadhi ya kina mama vocha za kulipia malezi ya watoto. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopewa vocha walikuwa na uwezekano wa kuwa kazini uliozidi wa wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Kina mama wasio na waume nao walipunguza saa za kazi bila kupoteza kipato, kwa kuhamia kazi zenye saa za kueleweka. Kiasi kidogo cha pesa kilichoelekezwa kwenye ada ya deikea kilibadilisha kazi ya mama.

Kaunti na serikali kuu

Kuna utata mwingine ambao haujadiliwi vya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Maneno yote mawili yamo. Lakini kodi ya mapato ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kila shilingi inayosamehewa mtoaji inatoka Nairobi, ilhali kazi inayosaidiwa ni ya Nakuru. Kaunti haiwezi kuongeza wala kupunguza nafuu hiyo.

Kinachowezekana kwa kaunti ni kingine. Ada ya leseni za biashara na viwango vya ardhi ni vyake. Inaweza, kupitia Sheria yake ya Fedha ya kila mwaka, kumpunguzia viwango mwenye ploti anayetenga chumba kwa ajili ya watoto, au kumsamehe mlezi ada ya leseni. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka msamaha wowote wa kodi au ada uwe umeruhusiwa na sheria, uwekewe kumbukumbu ya umma pamoja na sababu, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Masharti hayo ni mazuri, maana upendeleo kwa jina la watoto unaweza kugeuka mwanya wa wenye ploti wasiolea mtoto hata mmoja. Kaunti ya Nairobi ilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto mnamo 2017, inayohusu usajili na viwango vya vituo. Bila orodha kama hiyo ni vigumu kwa kaunti yoyote kujua imsamehe nani.

Upo mpango mmoja ambao hauhitaji sheria mpya. Shirika moja lenye cheti, liwe la kanisa, la msikiti au la wakazi wenyewe, linaweza kuwa mwavuli wa walezi kadhaa. Shirika ndilo hupokea mchango, hutoa risiti, huweka hesabu na kukaguliwa; walezi hupokea kutoka kwake ada za watoto ambao wazazi hawawezi kulipa, mafunzo, magodoro na vyombo. Mlezi anabaki na biashara yake na shirika linabaki na hisani yake. La kuchunga ni kwamba pesa zilipie malezi ya mtoto anayehitaji, ziwe na majina na tarehe, zisiwe faida ya mwenye chumba, la sivyo Kamishna ana haki ya kuuliza. Mfumo wa jumuiya kubeba chekechea si mgeni nchini: shule nyingi za chekechea zilianza kwa harambee, na kuanzia 1971 wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi ulisaidia mradi wa kuwafunza walimu wake, kazi ambayo baadaye ilikabidhiwa Wizara ya Elimu.

Hata hivyo mpango wa mwavuli hautatui tatizo la mwenye ploti. Yeye ataendelea kulipa asilimia 7.5 bila kujali alichotoa. Ikiwa Bunge lingetaka kumfikia, punguzo la kodi yenyewe, japo dogo na lenye kikomo, lingefanya kazi hata juu ya mapato ghafi. Punguzo la mapato haliwezi. Njia ya Uingereza nayo ingewezekana, ambapo nyongeza hupewa kituo kwa kuonyesha PIN ya mtoaji aliyelipa kodi. Zote zina gharama kwa Hazina, na zote huvutia risiti bandia. Kwa maoni ya mwandishi huyu hatari hiyo ya pili ndiyo kubwa zaidi, lakini mfumo wa ankara za kielektroniki ambao KRA imewalazimisha wafanyabiashara kuutumia unaonyesha kwamba mamlaka hiyo inajua kufuatilia risiti inapotaka.

Kwa anayekusudia kutoa mwaka huu, utaratibu ni huu. Omba nakala ya cheti cha msamaha kabla ya kutuma pesa na usome tarehe ya mwisho. Tuma kwa akaunti ya shirika, wala si kwa simu ya msimamizi. Chukua risiti yenye jina lako na PIN yako, pamoja na tamko la matumizi. Ripoti ya kodi ya mtu binafsi kwa mwaka unaoisha Desemba huwasilishwa kupitia iTax kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata, na kampuni huwa na miezi sita baada ya mwaka wake wa hesabu kumalizika. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka stakabadhi zitunzwe kwa miaka mitano.